Baraza la Wafanyakazi Bila Fungu: Ushirikishwaji na Utendaji katika Mashirika ya Maji na Umeme

Kila mwaka, miezi michache kabla ya Bunge la bajeti, taasisi za umma nchini Tanzania huitisha mabaraza yao ya wafanyakazi. Picha zinazotoka huko hazitofautiani sana: meza kuu iliyotandikwa kitambaa, mgeni rasmi akihutubia, wajumbe waliovaa fulana za rangi moja, na habari fupi inayosema kwamba wafanyakazi wametakiwa kuongeza tija. Siku hizi hotuba hizo zina jambo la pili. Mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi, PEPMIS, ambao kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 umechukua nafasi ya ule wa OPRAS, hutajwa pamoja na baraza kana kwamba ni pacha wake. Hoja huwa nyepesi: mtumishi anaingia mwenyewe kwenye mfumo, anajaza majukumu yake, msimamizi wake anayaridhia, na mwishoni mwa mwaka mwakilishi wake anaipitisha bajeti barazani, basi mtumishi huyo ameshirikishwa, na aliyeshirikishwa hana sababu ya kutofanya kazi vizuri.

Tafsiri hiyo ina makosa, na kwa mashirika yanayotoa maji na umeme makosa hayo yana gharama. Ninachodai katika makala haya ni kwamba ushirikishwaji huinua utendaji pale tu unapogusa uamuzi ambao mfanyakazi wa chini anaujua kuliko bosi wake, na pale anayeshiriki kuamua anapokuwa na fungu na mamlaka ya kutekeleza kilichoamuliwa. Sharti moja likikosekana, baraza linabaki shughuli ya siku mbili, na mfumo wa kupima unabaki daftari la mahudhurio lililohamia kwenye kompyuta. Hata hivyo hasara haiishii hapo, kwa sababu mfanyakazi aliyeulizwa maoni mara tatu na asione kilichobadilika hujifunza kunyamaza, na kumrudisha kwenye mazungumzo ni kazi kubwa kuliko ingekuwa kumwalika kwa mara ya kwanza.

Jambo hili si geni kwetu. Sheria ya mwaka 1964 ya usalama wa ajira ilianzisha kamati za wafanyakazi sehemu za kazi, na Februari 1970 Rais Nyerere alitoa Waraka Namba 1 ulioagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 iliwakemea viongozi wenye majivuno, dharau na ubabe. Mabaraza yale yalikuwa ya kushauri. Menejimenti ilikuwa na uzito mkubwa ndani yake na mambo mazito yaliamuliwa kwingine. Wafanyakazi walipoona kwamba Mwongozo unawapa sauti ambayo baraza haliwapi, waliitumia sauti hiyo nje ya baraza. Kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo ilifuatana, mingi ikiwa haihusu mishahara kabisa bali lugha na vitendo vya mameneja, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walifikia hatua ya kumtoa mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe. Haikupita muda Serikali ikakaza uzi, na wimbi lile likazimwa.

Nimeirudia historia hiyo kwa sababu mara nyingi husimuliwa kama ushahidi kwamba wafanyakazi wakipewa nafasi huvuka mipaka. Mimi naisoma kinyume. Kilicholeta vurugu ni umbali kati ya kilichoahidiwa na kilichotolewa: watu waliambiwa wao ndio wenye mali, kisha wakapewa chombo ambacho hakingeweza hata kubadilisha ratiba ya zamu. Umbali huo haujafungwa mpaka leo. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 inayatambua mabaraza, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 73, inaruhusu chama kinachotambuliwa na mwajiri kukubaliana juu ya jukwaa la ushiriki wa wafanyakazi. Msingi wa kisheria upo, tena wa kutosha. Kinachofanyika juu ya msingi huo ni habari nyingine, kwani bajeti hufika barazani ikiwa imekwisha kufungwa na ukomo uliowekwa na Hazina, wajumbe wakapewa kitabu kinene asubuhi ya siku ya kikao, na kufikia saa nane mchana kimepitishwa kwa makofi.

Kwa nini basi nijishughulishe na maji na umeme badala ya watumishi wa umma wote? Kwa sababu mashirika haya yana sifa moja ambayo wizara au halmashauri haina kwa kiwango hicho hicho: mali yao kubwa imefukiwa ardhini au imetawanyika angani, na anayeijua hali yake kwa undani ni mtu wa ngazi ya chini kabisa. Mkurugenzi anajua ni kiasi gani cha maji kimetoka kwenye mtambo na ni kiasi gani kimelipiwa. Hajui katikati kulitokea nini. Msoma mita anajua mtaa ambao mita zimefunikwa na uzio, nyumba ambayo ankara yake haiendani na idadi ya wapangaji, na bomba la zamani ambalo kwenye ramani halipo lakini bado linatiririsha maji. Fundi wa laini anajua transfoma ipi inazidiwa kila jioni na nguzo ipi imeoza chini kabla haijaanguka. Ujuzi huo haumo kwenye ripoti yoyote, na hautaingia kwenye ripoti kwa amri.

Sifa ya pili inatokana na ya kwanza. Duka likikuuzia bidhaa mbovu unahamia la jirani, na mwenye duka anajua amekosea kwa kuona watu wamepungua. Mteja wa maji hana pa kuhamia, hivyo shirika linaweza kuharibika kwa miaka mingi bila taa yoyote nyekundu kuwaka sokoni. Mdhibiti, yaani EWURA, anajaribu kuwasha taa hiyo kwa kuchapisha kila mwaka taarifa inayolinganisha mamlaka za maji, na kigezo kinachosumbua wengi ni upotevu wa maji. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20, ilhali wastani wa mamlaka zetu umekuwa ukizunguka kwenye theluthi moja na zaidi ya maji yote yanayozalishwa. Taarifa ya mdhibiti inasema mgonjwa ana homa kali, lakini haisemi kidonda kiko wapi. Anayejua kilipo ni yule fundi bomba, na swali la usimamizi shirikishi, likivuliwa maneno yake ya semina, ni kama fundi huyo ana sababu ya kusema.

Sasa tuangalie ushahidi, kwa sababu upande unaotetea ushirikishwaji umezoea kuuchukulia kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mfano unaotajwa sana ni wa kiwanda cha kushona nguo cha Harwood, jimbo la Virginia, Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1948. Kiwanda kilikuwa kinabadilisha namna ya kufanya kazi. Kundi moja la washonaji liliambiwa tu mabadiliko yatakavyokuwa. Uzalishaji wake ukashuka, na ndani ya siku 40 asilimia 17 ya watu wake wakaacha kazi. Makundi ambayo washonaji wote walishiriki kuyapanga mabadiliko hayo yalirudi haraka kwenye kasi ya zamani, kisha yakaipita kwa takriban asilimia 14. Huo ndio mfano unaopendwa. Ambao haupendwi ni jaribio kama hilo lililofanywa baadaye katika kiwanda cha viatu nchini Norway na kuchapishwa mwaka 1960: walioshirikishwa hawakuzalisha zaidi ya ambao hawakushirikishwa. Maelezo ya watafiti wenyewe yanafundisha, kwani mambo ambayo wafanyakazi wale waliachiwa kuyaamua hayakugusa sana kiasi cha uzalishaji, na si wote walioona kwamba kuamua kwa njia ile ni haki yao badala ya kuwa kazi ya chama chao. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofuata, likiwamo moja maarufu la mwaka 1994, yaliona kwamba athari ya ushirikishwaji kwa utendaji ipo, lakini kwa wastani ni ndogo.

Neno la kushika hapo ni wastani. Ukichanganya kwenye chungu kimoja kikao cha kuchagua rangi ya sare na kikao cha kupanga zamu za kutafuta mivujo, utapata mchuzi mwepesi, na hupaswi kushangaa. Harwood na Norway, zikiwekwa pamoja, hazipingani. Zote mbili zinasema kwamba kitu kinachoamuliwa ndicho chenye uzito, wala si tendo la kukaa meza moja.

Ndiyo maana hoja dhaifu kuliko zote, kwa maoni yangu, inatoka upande ninaouunga mkono. Ni ile inayosema kwamba mfanyakazi akishirikishwa hupata ari, na mwenye ari hufanya kazi zaidi. Tasnifu nyingi za shahada ya uzamili katika vyuo vya Afrika Mashariki zimejengwa juu ya sentensi hiyo. Mtafiti anakwenda kwenye shirika moja na dodoso, anawauliza wafanyakazi kama wanakubali au hawakubali kwamba wanashirikishwa, na kwenye ukurasa unaofuata anawauliza watu wale wale kama wanakubali kwamba utendaji wao ni mzuri. Anayempenda mwajiri wake atasema ndiyo kote kuwili. Aliyenuna atasema hapana kote kuwili. Na kompyuta italeta uhusiano mkubwa wa kitakwimu kati ya ushirikishwaji na utendaji. Kilichopimwa hapo ni hali ya moyo ya mtu mmoja kwa siku moja. Hakuna mvujo hata mmoja uliohesabiwa, wala dakika moja ya kukatika umeme. Ari ni jema, na sioni ubaya wa mtu kufurahia kazi yake, lakini fundi mwenye furaha asiye na kibano cha kuzibia bomba hatazuia maji kumwagika.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi, na inafaa kuzitendea haki. Ya kwanza ni ya mkono wa chuma. Mei 2002 menejimenti ya Net Group Solutions kutoka Afrika Kusini iliingia makao makuu ya TANESCO ikisindikizwa na polisi, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wakiipinga. Hakuna namna ya kuingia kazini iliyo mbali zaidi na ushirikishwaji kuliko hiyo. Pamoja na hayo, makusanyo ya mapato yalipanda sana, na iliyoyapandisha ni mikono ya wafanyakazi wale wale. Mfano mwingine ni wa Phnom Penh, Kambodia, ambako mwaka 1993 mamlaka ya maji ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake, na miaka kumi na mitano hivi baadaye upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6. Mkurugenzi wake, Ek Sonn Chan, alikuwa mtu mkali kiasi cha kusimama mbele ya jenerali aliyekataa kufungiwa mita na aliyemwelekezea yeye bunduki. Basi, wanauliza wapinzani, mabaraza ya nini? Tafuteni mtu wa aina hiyo mmpe rungu.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo unatusaidia kuona vizuri mpaka wa jambo tunalolizungumzia. Kukusanya deni ni kazi inayoamrishika: orodha ya wadaiwa ipo, mkata umeme anapewa anwani, na mwisho wa siku unahesabu waliolipa. Kilichokuwa kikikosekana ni kibali cha kisiasa cha kuwakatia wakubwa, na menejimenti ile ilikuja nacho. Lakini tazama kilichotokea kwenye kazi isiyoamrishika. Mkataba wa Net Group ulipofika mwisho wake, Desemba 2006, upotevu wa umeme kwenye mtandao ulikuwa haujashuka kwa kiwango kilichotarajiwa, na nchi ilikuwa imetoka kwenye mwaka mzito wa mgao. Ukame ulikuwa na sehemu yake kubwa katika mgao ule, na haitakuwa haki kuubebesha menejimenti peke yake. Ila upotevu kwenye nyaya hauletwi na ukame. Kuhusu Phnom Penh, ukali wa mkurugenzi ndio sehemu ya hadithi inayosimulika vizuri, wakati sehemu iliyofanya kazi kila siku ilikuwa kuwalipa wafanyakazi vizuri zaidi, kuwapandisha walioweza, kuwaondoa walioiba, na kuwapa timu za mivujo maeneo ya kusimamia pamoja na sababu ya kuyajali.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, nao ndio ninaoutegemea, ni wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda. Mwaka 1998, William Muhairwe alipopewa ukurugenzi mtendaji, shirika lilikuwa na wafanyakazi wapatao 1,850 kwa wateja wapatao 51,000, sawa na wafanyakazi 36 kwa kila wateja 1,000, na zaidi kidogo ya nusu ya maji yake yalikuwa hayajulikani yaliko. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa siku 100, ambao timu za miji zilijiwekea malengo na kushindana. Ukafuatiwa na mikataba ya utendaji kati ya makao makuu na meneja wa kila eneo, kisha vikao vya wazi vya watu wa ngazi zote ambavyo mfano wake ulichukuliwa kwa kampuni ya General Electric ya Marekani, na kuanzia mwaka 2003 hivi ikaja mikataba ya ndani ambayo timu ya eneo ilipewa uhuru wa kuendesha shughuli zake, huku sehemu ya kipato chao ikipanda na kushuka kulingana na matokeo. Hata punguzo la wafanyakazi, jambo ambalo kwingineko lingeanzisha mgomo, lilijadiliwa na chama cha wafanyakazi. Ndani ya muongo mmoja wateja walikuwa wamepita 200,000, wafanyakazi kwa kila wateja 1,000 wakiwa chini ya kumi, na shirika lililokuwa likipata hasara likawa linajiendesha kwa ziada.

Tofauti ya Kampala na makwetu haikuwa wingi wa vikao. Kila hatua ilihamisha uamuzi fulani pamoja na fedha yake kutoka makao makuu kwenda kwa timu ya eneo, na kila uhamisho ulikuja na namba ambayo timu hiyo ingeulizwa. Lazima pia niseme kwamba mafanikio yale hayakuwa sawa kila mahali: upotevu wa maji mjini Kampala ulibaki mkubwa kuliko wa miji midogo, kwa sababu kubadilisha mabomba yaliyochakaa kwenye jiji zima kunahitaji mtaji, na hakuna kikao kinachozaa mtaji. Anayetangaza ushirikishwaji kama mbadala wa uwekezaji anawadanganya wafanyakazi na wateja kwa pamoja.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu kulijibu. Linasema hivi: huyo msoma mita unayemsifu kwa ujuzi wake wa mtaani ndiye huyo huyo anayejua nyumba ipi imejiunganishia maji kwa wizi, kwa sababu wakati mwingine ndiye aliyeiunganisha. Vishoka, yaani mafundi wasio rasmi, hawafanyi kazi peke yao. Nyuma ya laini nyingi zisizo halali yumo mtu mwenye kitambulisho, na ukimpa mtu huyo nafasi ya kuamua, ataamua kwa faida yake. Sikatai. Ujuzi wa mtaani unaweza kutumika pande zote mbili, na shirika lisilo na njia huru ya kukagua litageuza ushirikishwaji kuwa ngao ya wezi. Uganda walilijua hilo, ndiyo maana makao makuu yaliweka wakaguzi wa kupita kwenye maeneo na kulinganisha ripoti za timu na hali halisi. Lakini pingamizi hili likifuatwa hadi mwisho wake linapinga zaidi mfumo tulio nao. Mwizi wa ndani anastawi pale ambapo makao makuu hayajui kitu na wenzake hawana cha kupoteza akiiba. Timu ambayo posho ya wote inategemea upotevu wa eneo lao ina sababu ya kumtazama mwenzao kwa jicho kali kuliko mkaguzi yeyote anayekuja mara moja kwa robo mwaka.

Lipo pingamizi la tatu, la kwamba wafanyakazi wa chini hawana elimu ya kuelewa bajeti na mipango, na hili sitalitumia nafasi kubwa. Niliwahi kuhudhuria kikao cha wafanyakazi katika mamlaka moja ya maji, ambayo sitaitaja, kama mtu wa kuandika kumbukumbu. Msoma mita mmoja alisimama akaeleza, kwa mpangilio ambao ningetamani kuuona kwenye ripoti za wataalamu, kwamba kwenye mtaa wake mita mpya zilifungwa kwa mwinamo, hivyo maji yakija kwa msukumo mdogo hazihesabu sawasawa. Alitaja namba za nyumba. Mwenyekiti alimshukuru, akasema suala hilo ni la kitaalamu na litashughulikiwa na idara husika. Rasimu yangu ilipopitiwa, mchango wake ulifutwa kwa kuwa haukuwa kwenye ajenda. Kilichobaki ni kwamba wajumbe waliomba sare zije mapema. Sielewi ni elimu ipi aliyoikosa mtu yule.

Nikirudi kwenye PEPMIS, sina ugomvi na mfumo wenyewe. OPRAS, iliyoanza mwaka 2004, nayo ilijengwa juu ya makubaliano ya wazi kati ya msimamizi na msimamiwa, na wengi tunajua ilivyoishia: fomu zilijazwa mwezi Juni kwa ajili ya mwaka uliokwisha, na karibu kila mtu akapata alama nzuri. Mfumo mpya unaziba mwanya huo wa kujaza kwa mkupuo. Lakini unamtazama mtu mmoja mmoja, na majukumu anayoyajaza yanashuka kutoka kwenye mpango ambao taasisi imekwisha kuupanga. Kukubali sehemu yako katika mpango wa mwingine si kushiriki kuupanga. Zaidi ya hapo, kazi ya mtandao wa maji haigawanyiki vizuri kwa kichwa kimoja kimoja. Mvujo unaripotiwa na mmoja, unachimbwa na watatu, unazibwa kwa kifaa alichoagiza mtu wa ghala, na matokeo yake yanaonekana kwenye mita ya eneo inayosomwa na mwingine kabisa. Ukimpima kila mmoja peke yake, kila mmoja anaweza kuwa na alama za juu huku maji yakiendelea kumwagika barabarani.

Kama tafsiri yangu ni sahihi, mabadiliko yanayohitajika hayaanzii barazani bali kwenye fungu la eneo. Leo meneja wa kanda katika mamlaka nyingi hana uwezo wa kununua kiungo cha bomba bila ombi lake kupanda makao makuu na kupita kwenye taratibu za ununuzi ambazo, kwa nia njema kabisa ya kuzuia wizi, zinachukulia kifaa kidogo na mradi mkubwa kwa namna inayokaribiana. Taratibu hizo hazihitaji kuvunjwa. Mikataba ya jumla ya vifaa vinavyotumika kila siku inaruhusiwa kisheria, na inaweza kuwekwa ili timu ichukue inachohitaji ndani ya kiwango chake cha mwezi na kukihesabia. Hapo ndipo kikao cha timu, cha nusu saa kila wiki, kitakuwa na kitu cha kuamua: wiki hii tunaanza na mtaa upi, na kwa nini. Baraza la mwaka lingebaki na kazi ya kupokea hesabu za kanda zikiwa zimepangwa kwa upotevu, kuuliza kwa nini kanda fulani imekwama, na kuandika kwenye muhtasari mapendekezo yaliyokataliwa pamoja na sababu za kukataliwa. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini mtu aliyejibiwa hapana kwa sababu inayoeleweka huja tena na wazo jingine, na aliyepewa shukrani bila jibu haji tena.

Gharama ya mpango huu haiwaangukii mameneja peke yao. Vyama vya wafanyakazi vimezoea, na kwa miaka mingi vilikuwa na sababu nzuri ya kuzoea, kuliendea baraza kama mahali pa kudai: posho, vyeo, uhamisho, sare. Chama kinachoshiriki kuamua jinsi ya kupunguza upotevu kitalazimika pia kusimama mbele ya wanachama wake na kueleza kwa nini kanda yao imekosa bonasi, na wakati mwingine kukubali kwamba mwanachama mwenzao aliyefukuzwa kwa kushirikiana na vishoka alistahili kufukuzwa. Sijasikia chama hata kimoja kikiweka jambo hilo kwenye orodha ya madai yake ya Mei Mosi, wala sijasikia mwajiri yeyote akilipendekeza. Msimu wa mabaraza ukifika, nitakachokitafuta kwenye vitabu vya bajeti za mamlaka za maji ni kasma ya kanda ambayo meneja na timu yake wanaweza kuitumia bila kuomba kibali, na kiasi kilichowekwa humo.